Majibu ya Damu ya Popi

Mzee Mutua,

Niaje. Najua hiyo salamu hukuipenda. Ulikuwa unasema ni ya vijana wa stage ya matatu, halafu unacheka. Leo nakusalimu hivyo kwa sababu hakuna wa kunikemea.

Tulikuzika Machakos, Jumatatu nikarudi kazini. Sikulia. Nilibeba sindano na vichupa, nikazunguka Kibera na Kawangware kutoa mbwa damu ya kupimwa magonjwa vile ulinifundisha, nikapeleka maabara. Nikiambiwa pole nasema asante. Chakula hakipiti. Ni kama nilidungwa ganzi mwili mzima.

Sasa Popi, mbwa wako. Alilala mlangoni pako hapo Kawangware 46, akakataa kula. Majirani wa ploti nzima wakasema, "Anamlilia mwenyewe, muacheni." Na mimi, Mzee, mimi niliyekushikia mbwa miaka mitatu, nikakubali! Hata nilimwonea wivu, nikasema angalau mmoja wetu anajua kuomboleza. Sikumfungua mdomo nione kama fizi zimepungukiwa damu.

Unakumbuka yule mama wa Nyayo Highrise aliyesema mbwa wake ana huzuni juu ya watoto kurudi shule ya bodingi? Ulimwambia, "Mama, huzuni tutaiongea damu ikishapimwa." Nilicheka njia nzima mpaka kwangu Sarang'ombe.

Ijumaa majibu yakatoka maabara. Katikati ya karatasi, jina la Popi. Damu uliitoa mwenyewe siku chache kabla moyo wako haujasimama, na hukuniambia. Kwa hadubini hawakuona kitu. Ile mashine mpya ya kutafuta jeni za vijidudu ndiyo ilipata bakteria wa aina mbili kwa damu moja, wote wa kuletwa na kupe. Alikuwa mgonjwa tangu ukiwa hai. Wewe ulishuku, ukapima. Mimi nilimwona akiisha, nikasema ni mapenzi.

Nilikimbia kwako, Mzee. Fizi zilikuwa nyeupe pe. Nikamlisha dawa kwa mkono, nikamtoa kupe masikioni na katikati ya vidole. Siku tano, hakuna kitu. Ya sita akainuka, akala ugali na matumbo, akalamba sufuria, akaniangalia kama anayeuliza kama kuna ingine. Majirani walinuna kidogo, walikuwa wamempenda akiomboleza.

Hapo ndipo nililia. Nilikaa chini kwa mlango wako nikalia mpaka mama mmoja jirani yako akaniletea maji. Popi alikuwa na ugonjwa wa kupe na dawa yake ipo. Mimi ndiye nisiyekula kwa kukulilia wewe.

Sasa anakaa kwangu Sarang'ombe. Kila Jumamosi namkagua kupe. Na nakuahidi, sitamwambia mtu tena mbwa wake ana huzuni kabla sijapima damu.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzika. Leo nimepika ugali wa wawili, mimi na Popi, na wangu nitajaribu kuumaliza.

Wako,
Nekesa