Wiki Mbili za Bosi

Pokea simu wewe! Haya, kama hupokei, soma.

Niko chooni ofisini, nacheka peke yangu kwa raha.

Ile programu ya simu ya kliniki, iliyonilia wikendi tatu kuiandika, leo bosi alikuwa anamwonyesha daktari mwenye kliniki. Akasema kaiandika yeye. Yeye! Mimi akanitambulisha hivi: "Huyu anatusaidia kupanga viti."

Kupanga viti!!

Daktari akaweka simu zake mbili mezani, Android na iPhone, akaomba neno "Mgonjwa" liwe "Mteja", maana wengine wanakuja kuchanjwa tu. Bosi akakohoa: "Hiyo ni wiki mbili, daktari. Kila simu ina programu yake, lazima niandike mara mbili."

Wiki mbili! Na wewe nilishakuambia, mle ndani ni kurasa za wavuti tu zilizovishwa ganda la programu. Ukibadilisha kwenye seva zinakokaa, simu zote zinafuata.

Nikafungua laptop yangu. Nikabadilisha neno moja tu. Nikasema kwa adabu zangu zote, "Daktari, hebu funga programu kwenye simu zote mbili, halafu uifungue tena."

Akafungua. Mteja. Na ya pili, Mteja!

Daktari akamgeukia bosi taratibu: "Wiki mbili zimeisha?"

Bosi alivyonywea! Laiti ungemwona.

Sasa hivi kanitumia meseji: "Kwa nini umeniaibisha mbele ya daktari? Nijibu haraka!"

Nimemjibu: "Meseji nimeipata, bosi. Kwa sasa napanga viti. Majibu baada ya wiki mbili."