Sukari ya Mama Nanjala

Jumanne, tena.

Nywele hazirudi. Kila kitu kingine hurudi nikitoka kwenye lile pango la mlimani, juu ya Saboti. Kaburi halijachimbwa, na Nasimiyu wangu yuko jikoni anaosha sufuria. Ni kichwa changu tu kinachobaki vile walivyoninyoa baada ya kumzika.

Pango hunirudishia wiki ileile moja na mtoto wangu, halafu huchukua mtoto wa jirani badala yake. Ugonjwa ukimrudia Nasimiyu, nami narudi pangoni. Mtoto wa fundi wa baiskeli alipokufa nililia siku nzima. Alipokufa wa mwalimu, nilikula vizuri. Sasa hata sijui...

Leo asubuhi Mama Nanjala, jirani wa ng'ambo ya ua, alikiona kichwa changu.

"Baba Nasimiyu, umenyoa? Ati mmefiwa na hamtuambii?"

"Ni mtu wa mbali, huko Malakisi," nikamwambia.

"Woi, pole sana."

Akaingia ndani, akatoka na sukari na majani ya chai, vile tunavyowapelekea waliofiwa. Nanjala mwenyewe, bintiye, ndiye aliyenikabidhi, kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Homa imeshaanza.

Nilipokea. Nikasema asante.

Kinachonisumbua ni huu upara tu. Jua limeuchoma.

Jioni Nasimiyu alitaka kufungua ile sukari, nikamkataza. Nitaihitaji Jumamosi, nikienda kwa kina Nanjala kutoa pole.