Mishono Mitatu ya Njano

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kukamatwa kwa mwanamke katika uwanja wa mjini
Jina: Anafahamika kwa wote kama Mama Pasi
Umri: "Nimezidi sabini, mengine hayakuhusu"
Kazi: Dobi
Makazi: Chumba cha uani, nyumba ya vyumba vinne nyuma ya soko
Yameandikwa na: Koplo wa zamu, Ijumaa tarehe 15, kuanzia saa nne asubuhi

Kwanza kabisa, kijana, shusha miguu kwenye hicho kiti. Nimesimama hapa tangu saa moja na wewe umekalia viti viwili kama mwenye nyumba. Tena utaandika ninavyosema mimi, si unavyotaka wewe. Shule sikumaliza, lakini masikio ninayo, na utanisomea kila neno kabla sijaweka dole.

Mimi ni dobi mwaka wa thelathini na nane huu. Mwanangu wa pekee alifariki miaka mitatu iliyopita. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu, hakurudi kwao. Alibaki chumbani kwangu pamoja na binti yake. Tunagombana kila siku kwa ajili ya chumvi, maana anazidisha. Huyo ndiye ninayemtaka.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14, saa mbili na nusu asubuhi, mimi na Mwalimu tulitoka nyumbani kwenda uwanjani. Mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu siku ya kumi na moja. Watu walikubaliana kila nyumba ipeleke ndoo tupu, ziwekwe chini mbele ya ofisi ya maji. Basi. Hakuna aliyetutuma. Mwalimu alibeba ndoo kwa sababu mgongo wangu umeshachoka na dunia. Ni ndoo ya kijani, na mpini wake nimeuzungushia kitambaa cheupe usinikate vidole.

Tulifika saa tatu na robo. Ndoo zilikuwa zimepangwa hadi kwenye ngazi za ofisi, na watu hawahesabiki. Fundi viatu mmoja mzee aliniuliza, "Bibi, umekuja kuifua serikali?" Nikamjibu, "Madoa ya ile hayatoki kwa sabuni ya mche." Tukacheka. Andika tulicheka, kucheka si kosa.

Saa nne kasoro dakika kumi muuza karanga aliyekuwa kando yetu alianza kufunga vitu vyake, na wateja bado wamesimama. Duka la vitambaa ng'ambo ya pili likashusha mlango. Kisha na la jirani yake. Nikamwambia Mwalimu, "Huyu wa karanga anajua jambo." Akasema, "Mama, kama umechoka twende." Nikamwambia sijachoka. Neno hilo ninalo kooni mpaka sasa.

Hapo ndipo nilipowaona wanaume sita. Hili liandike vizuri. Watu wote pale tulinuka jasho la siku kumi na moja, nguo zetu kama matambara ya deki. Hao sita walikuwa wasafi. Mikono ya mashati yao ilikuwa na mstari wa pasi uliosimama, wenye wanga. Nikajiuliza, hawa nani kawafulia, na kwa maji gani? Nikajijibu mwenyewe: mimi. Bweni la askari lililo nyuma ya kituo hiki huniletea nguo pamoja na pipa la maji yao.

Mmoja wao, mwenye shati la buluu iliyopauka, alikuwa na mfuko. Alimimina mawe ndani ya ndoo yetu akamwambia Mwalimu, "Dada, utayahitaji." Mwalimu akaipindua ndoo, mawe yakamwangukia viatuni. Akamwambia, "Kaka, hii ni ya maji." Nami nikaongeza, "Mawe hayafui nguo, baba." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimtazama Mwalimu usoni, taratibu, kama fundi anayechukua vipimo.

Alipoinama kuokota mawe yake niliona ndani ya kola. Mishono mitatu ya uzi wa njano. Na kifungo cha pili kilikuwa cheusi, vingine vyeupe. Kile nilikishona mimi Jumanne, maana cha awali kilipasukia chini ya pasi yangu. Kila dobi ana alama zake. Kwangu njano ni bweni lenu, na idadi ya mishono ni chumba. Mitatu ni chumba cha tatu. Jina lake sijui, lakini nguo zake nazijua kuliko mama yake mzazi.

Saa nne na dakika tano jiwe lilirushwa kutoka nyuma yetu, pale pale waliposimama hao sita. Lilivunja kioo cha ofisi ya maji. Vioo havijaisha kuanguka, moshi wa kutoa machozi ukawa umeshatufikia, kana kwamba ulikuwa ukingoja kuitwa. Watu walikimbia juu ya ndoo. Mlio ule sijapata kuusikia. Mwenye shati la buluu na mwenzake walimkamata Mwalimu makwapani, ndoo ingali mkononi mwake. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mama, kaa chini, funika macho." Wakampakia kwenye gari jeupe lisilo na namba. Nilikaa chini kama alivyosema. Ni mara ya kwanza kumtii.

Jana saa kumi jioni nilikuja hapa. Nikaambiwa hakuna mwanamke wa namna hiyo, nikatafute hospitali. Nimekwenda hospitali zote mbili. Nimekwenda na chumba cha maiti, nikafunuliwa shuka nne. Hayumo. Mjukuu wangu ananiuliza mama yuko wapi, nami namwambia anasahihisha madaftari.

Leo nimerudi. Ulipokuwa ukitafuta karatasi nimeiona ndoo yangu chini ya meza yako, na kitambaa changu mpinini. Imejaa mawe. Mkwe wangu aliingia nayo garini tupu.

Umeniambia, "Bibi, ndoo za kijani ni nyingi, na habari za kola tuziache." Andika kwamba umesema hivyo. Sikukatazi kuogopa, mwanangu. Wewe ni mishono mitano. Una mashati mawili tu, na moja limekwisha kwapani. Najua hukuwamo uwanjani, maana lile ulilovaa hapa mezani jana uliponifukuza halikunuka moshi, na la pili lilikuwa kwenye kamba yangu.

Haya ni maelezo yangu, nimeyaona kwa macho haya haya, sikufundishwa na mtu. Limebaki moja. Yule aliyesimama mlangoni tangu nianze kusema amefunga koti hadi kidevuni, na joto lote hili. Mwambie alifungue, tuone kifungo cha pili.

(Dole gumba la kulia la shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili, naye ameyakubali. Ametia dole mbele yangu saa tano na nusu. Mtu aliyekuwa mlangoni aliondoka nilipokuwa nikisoma, bila kufungua koti. Shahidi amekataa kutoka ofisini hadi niongeze maneno yake haya: "Hakwenda nje huyo. Ameshika njia ya mahabusu. Weka kalamu chini, mwanangu, umfuate."

(Sahihi) Koplo wa zamu