Lori Lililopakwa Poda

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Machi 1974.

Mume wangu Kitwana,

Akili zako umeziacha wapi? Nani alikutuma umwahidi Ignasi, yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa Buguruni, lori la marehemu baba yako, kisha ukimbilie Tanga kukata mkonge, na mimi uniandikie nimpe ufunguo akija? Mimi bibi yako niliyekubeba mgongoni ndiyo nimekuwa karani wako? Haya, salamu zifuate sasa. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mke mwenzangu Sitara naye mzima, ila amekonda kwa kukungoja, na anajifanya hakungoji.

Sasa kaa chini unisikilize, maana nina habari mpaka vidole vinanicheza!

Ulisema lori lina shetani. Kila mvua ikinyesha maji yanajaa miguuni mwa dereva, nyaya zinalowa, injini inazima katikati ya barabara. Filbert dereva wako akakimbia, akatangaza mpaka sokoni kwamba lori linalia. Fundi Uwesu wa Gerezani akapaka lami kuzunguka kioo cha mbele hadi kikawa kama jicho lililozidishiwa wanja, na maji yakaingia vilevile. Mkakata tamaa, wanaume wazima. Hakuna hata mmoja aliyekaa ndani akatazama maji yanapita wapi. Mvua ikianza, nyote mbio barazani!

Mimi nilikaa. Nilimwita Uwesu, nikamwambia Klara, yule mpangaji wetu wa chumba cha uani, alete ndoo na ngazi. Nikatoa kopo langu la poda, ile ya kuendea harusini, nikapaka kote ndani: kuzunguka kioo, kwenye nguzo za milango, chini ya dashibodi. Uwesu akacheka hadi akashika mbavu, akaniuliza bwana harusi wa lori hili ni nani. Nikamwambia ni yeye, na mahari tutaipokea kwa kazi. Kwani poda ikipitiwa na maji si inaacha mchirizi? Kila mwanamke aliyetokwa jasho harusini anajua hilo.

Nikajifungia ndani, nikamwamuru Klara amwage maji kuanzia chini apande polepole, asirukie juu akatuchanganya. Mlango wa kulia, kavu. Wa kushoto, mchirizi mdogo, mpira wake umekakamaa. Kioo cha mbele, kavu kabisa! Lami yote ile ya bure. Uwesu akaacha kucheka. Klara akapanda ngazi, akamwaga juu ya paa. Basi nikayaona! Yalishuka nyuma ya kitambaa cha dari, yakafuata nguzo, yakachora mstari kwenye poda yangu moja kwa moja mpaka kwenye nyaya. Nikapiga yowe, majirani wakadhani nimeumwa na nge.

Uwesu akapanda kutazama. Akakuta nini? Kibao chako. Kile ulichokichonga mwaka uliooa, RADHI YA BIBI, kwa rangi nyekundu, ili lori likipita Msimbazi watu wote wasome. Ukakikaza kwa skrubu zilizotoboa bati mpaka ndani, bila mpira, bila gundi. Tundu zimeota kutu, zimepanuka, kidole changu kinaingia. Kitwana! Shetani uliyemkimbia ulimkaza mwenyewe kwa bisibisi!

Uwesu alisema kibao kishuke. Nilikataa. Jina langu lishushwe mchana kweupe, mtaa mzima unatazama? Nilimwambia apake gundi pembeni, yaishe. Akanijibu kwa adabu zote kwamba maji hayamjui bibi wa mtu. Klara ndiye aliyenimaliza. Aliniuliza nataka mjukuu nyumbani au nataka ubao. Nikaingia ndani, nikatoka na bisibisi ya marehemu baba yako, nikampa Uwesu. Alipokuwa akikishusha nilijidai natazama kuku.

Akasugua kutu, akaziba kila tundu kwa boliti yenye mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, akapaka gundi, juu yake rangi. Mpira wa mlango wa kushoto akautia mpya. Nyaya zikaanikwa, zikafungwa upya.

Sasa jambo nililokuficha mpaka hapa. Ignasi alikuja jana na vijana wake na mnyororo wa kuvutia lori, mvua inanyesha kwelikweli. Nikampandisha, akakaa ubavuni kwangu. Akatazama miguu yake, akapapasa dari, akanusa. Uwesu akawasha injini, ikaitika mara moja! Ignasi akasema sasa ndiyo analitaka zaidi. Nikamwambia ashuke. Ahadi yako nimeivunja mimi, na ufunguo uko kwenye upindo wa kanga yangu.

Tena barua hii naiandikia humu humu ndani ya lori, kwa mkono wangu, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Mvua inapiga bati tangu nilipoanza kukutukana. Itazame karatasi vizuri. Herufi mbaya ni zangu, lakini hakuna hata moja iliyochujuka.

Klara anakusalimu sana, na Uwesu pia. Sitara amekataa kuleta salamu, anasema utazikuta nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa kule Ruvu anataka lori la kubebea mahindi yao, nami nimeshamwambia dereva yuko njiani. Kibao nimekifunga kwa waya kwenye bodi ya nyuma, hakitoboi kitu. Kwa hiyo weka hilo panga chini, panda basi uje uendeshe lori lako, na ukifika mlangoni, bisibisi yoyote uliyonayo mkabidhi mkeo kabla hujavua viatu.

Ni mimi, mkeo mkubwa,
Bibi Sophia binti Sadalla