Tabo kwa Gari la Mama

Tokamachi, 9 Septemba

Mjomba Tokuji,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha operesheni ya koo kimekauka na daktari ameshakuruhusu kula tambi za moto. Huku hatujambo. Mpunga umeinamisha vichwa, wiki ijayo watu wanaanza kuvuna. Dada yako anakusalimu. Anasema atakuja huko Kiryu mkagombane vizuri, maana sasa huna sauti ya kumjibu. Unamjua alivyo.

Nina swali la kazi yako. Lile gari langu dogo jeupe halipandi mlima. Mara tatu kwa wiki nampeleka Mama hospitali ng'ambo ya mlima kusafishwa damu, ndipo niende zamu yangu kwenye kiwanda cha biskuti za mchele. Msimu uliopita wa theluji lilikuwa linakohoa kwenye ile kona ya mwisho, malori yamejipanga nyuma yananipigia honi, na Mama anageuka kuyapungia mkono kama malkia. Yeye anacheka. Mimi naona aibu.

Gari jingine sina uwezo nalo. Nataka kulifunga hili tabo, isukumie injini hewa lipate nguvu. Kuna seti mpya mtandaoni, bei poa, ina mabomba yote na kiboksi cha kuidanganya kompyuta ya injini. Wewe umefunga tabo tangu sijazaliwa. Nichukue ipi? Mama usimwambie.

Mpwa wako,
Kazuomi


Kiryu, 17 Septemba

Omi,

Marahaba, mwanangu. Koo limepona, ila sauti haitarudi. Nyumba iko kimya na majirani wanafurahi. Mwambie dada yangu nimesikia, aje, nitamjibu kwa maandishi makubwa.

Jibu langu la kwanza: usifunge. Panda polepole, malori yatasubiri. Lakini nakujua, ukifika kuuliza umeshaamua. Basi sikiliza.

Hiyo seti ya mtandaoni achana nayo. Kiboksi cha kudanganya kinafanya kazi vizuri mpaka siku utakayokihitaji. Nenda kwa wanaobomoa magari, tafuta gari kama lako lililotoka kiwandani na tabo, likagongwa kwa nyuma. Chukua vyote vya humo: tabo, manifoldi ya moshi, nozeli za petroli, kompyuta, na kile kirejeta cha kupoza hewa. Kabla hujalipa, shika shafti ya tabo uitikise. Ikicheza, iache. Mabomba ya oili nunua mapya, hapo usibane. Tabo yenyewe iwe ndogo, inayoamka mapema, kwa sababu unapanda na mama yako, hushindani na mtu. Presha usiiguse, injini yako haikuundwa kwa tabo, iko pale kwa kuvumilia tu. Hela itakayobaki iende kwenye breki na matairi ya theluji.

Vitu vya zamani vyote viweke kwenye boksi moja. Kila baada ya miaka miwili ukiitwa shaken, ule ukaguzi wa serikali, utalirudisha gari lilivyokuwa, likaguliwe, lipite, ndipo ufunge tena. Vijana wote wa gereji yangu walifanya hivyo. Na hapo ndipo injini zilipokufa, Omi, hata siku moja si kwa mwendo kasi. Mtu amechoka, anarudisha tabo, lakini nozeli na kompyuta anasema nitamalizia Jumapili. Hewa inaingia nyingi, petroli ni ile ile kidogo, pistoni inayeyuka. Usirudishe nusu. Rudisha vyote, au usirudishe kitu.

Mjomba wako,
Tokuji


Tokamachi, 24 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Baridi imeanza, tumeshatoa jiko la mafuta. Afya ya Mama ni ile ile, siku za kusafishwa damu anarudi amechoka, akilala anaamka na maneno yake kamili.

Nimefuata kila ulichosema. Gari la kubomoa nililipata kwa mzee mmoja wa Nagaoka, limebondwa nyuma hadi kiti cha abiria. Shafti ilikaa kimya mkononi. Nimefunga kwa Jumapili nne, banda limenuka oili hadi paka amehama. Mjomba, linapanda. Kwenye kona ya mwisho bado lina pumzi, na juzi nililipita lori, moja tu, la mayai.

Nilidhani Mama hajui. Tukafika juu akaniambia, "Omi, gari lako siku hizi linapiga mluzi. Limepata mchumba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mpeleke taratibu, binti wa watu."

Mpwa wako,
Kazuomi


Tokamachi, 29 Januari

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa baridi. Kadi fupi tu. Shaken imepita, mkaguzi hakuinua hata nyusi. Vitu vyote vya tabo viko kwenye boksi. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini na redio inatabiri kubwa zaidi Jumamosi, nayo ni siku ya Mama ya hospitali. Kwa hiyo Ijumaa nikitoka zamu nafunga tena, tupate pumzi ya kupandia.

Mpwa wako


Kiryu, 31 Januari

Omi,

Usifunge Ijumaa. Acha gari lilivyo mpaka theluji iyeyuke. Tokeni mapema, pandeni polepole, malori yapige honi yakitaka. Naandika nikiwa nimesimama, niwahi sanduku la posta. Msalimie dada yangu.

Mjomba wako


Tokamachi, 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Msibani ulinishika bega, nikaenda kupanga viatu vya wageni. Ngoja nikuandikie sasa, halafu sitarudia.

Ijumaa zamu iliongezwa. Nilianza kufunga usiku, vidole havinyooki kwa baridi. Tabo ilikaa. Manifoldi ikakaa. Nozeli na kompyuta vilibaki kwenye boksi. Nilisema nitakanyaga kidogo tu, nimalizie Jumapili. Maneno yale yale uliyoyaandika. Nilikuwa nayakumbuka wakati nafunga mlango wa banda.

Jumamosi, kabla ya kona ya mwisho, injini iligonga, tang, tang, halafu ikanyamaza. Mlima ule gari bovu kabisa hupanda polepole likafika. Langu lilikuwa zima mpaka nilipolishika. Theluji iliporomoka nyuma yetu, malori yakakwama, barabara ikafungwa. Injini ilikufa, na joto la ndani nalo likafa. Nilimfunika Mama kwa koti langu na mazulia ya sakafuni. Nilishuka kuomba msaada kwenye malori, sikuona hata mkono wangu, nikarudi. Alikuwa anasema damu yake ni nzito. Baadaye akasema, "Tusimwambie Tokuji, atanigombeza." Alikuwa anacheka kidogo. Watu wa uokoaji walitufikia asubuhi.

Kadi yako ilikuja Jumatatu. Posta siku hizi haigawi Jumamosi.

Kazuomi


Kiryu, 10 Machi

Omi,

Nimesoma. Nina hasira na wewe, sitakuficha, na usiku nalia kwa ajili yenu wote wawili. Hasira itapungua. Wewe sitaki upungue. Unakula? Niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako


Kiryu, 20 Agosti

Omi,

Habari za joto hili? Mimi ni mzima.

Nilikuja kwa treni siku ya Bon, marehemu wanaporudi nyumbani, ya kwanza ya mama yako tangu atutoke. Nilibeba farasi wa tango lenye miguu ya vijiti ili roho yake ije haraka, na ng'ombe wa biringanya ili irudi polepole. Taa yako ilikuwa inawaka. Niligonga mpaka mkono ukauma. Sina sauti ya kukuita, ungejuaje ni mimi. Niliwaacha hao wanyama kwenye kizingiti. Banda lilikuwa wazi, gari limo, boneti imeinuliwa, imejaa majani makavu.

Watu wa kiwandani wanasema uliacha kazi mwezi wa nne. Niandikie.

Mjomba wako


Desemba

Kwa kuwa mama yetu, Fusae, alifariki dunia mwezi Februari mwaka huu akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, tunaomba radhi kwamba hatutatoa salamu za mwaka mpya. Tunawashukuru kwa wema wenu na tunawaombea afya njema katika baridi hii.

Kazuomi Murayama


Kiryu, 12 Januari

Omi,

Pole na baridi. Sijambo, ila kadi yako imeniumiza.

Kadi kama hizi za kuchapisha wanatumiwa wateja, na watu tuliosoma nao zamani. Mimi ni kaka yake. Mifupa yake baada ya kuchomwa tuliiokota pamoja, wewe na vijiti vyako na mimi na vyangu, na ule wa shingoni tuliushika wote wawili. Unanitaarifu nini? Umeandika jina lako kamili kama mtu wa benki. Hukuandika mpwa wako.

Sasa naogopa, naandika wazi. Dada ameshaondoka. Nimebaki na wewe tu, na kila barua ninayoituma haina majibu.

Jumamosi nakuja. Treni sipandi. Nakuja na gari langu kuukuu, halina tabo, nitapita mlima wa Mikuni kwa gia ya pili na matairi ya theluji. Nitachelewa lakini nitafika. Nitasimama mlangoni kwako nipige honi kama yale malori, bila kuachia, mpaka utoke. Majirani wakija kugomba, utawajibu wewe, maana mimi siwezi.

Mjomba wako,
Tokuji