Asilimia Mia ya Kemilembe

Jumatano. Mvua imeanza saa nane mchana na bado inanyesha, ile mvua ya Bugene isiyo na haraka, inayolowesha kila kitu polepole. Nimerudi nyumbani mapema. Kazini nimewaambia kichwa kinaniuma. Kichwa hakiumi.

Sijui kama blogu hii ina wasomaji zaidi ya wale kumi na watatu wa siku zote. Leo natamani asiwepo hata mmoja. Lakini nisipoandika nitapasuka. Majina nimeyabadilisha, kama kawaida yangu.

Niseme moja kwa moja, maana najijua, nikianza kuzungukazunguka sitafika.

Nilimfanyia rafiki yangu mitihani. Sasa kuna mtu amekufa.

Kemilembe ni mteknolojia wa dawa kama mimi. Tulisoma chuo kimoja, tukalala chumba kimoja, tukachangia ndoo moja ya kuogea kwa miaka mitatu. Tulipomaliza, mimi nikaajiriwa hospitalini huku Karagwe, yeye akaenda Nkwenda, Kyerwa, kusimamia duka la dawa la mfanyabiashara mmoja. Siku ya gulio pale dukani hapana pa kukanyaga. Waliokuja kuuza ndizi wapo, wa kahawa wapo, waliovuka kutoka upande wa Uganda wapo, na nyuma ya kaunta yuko yeye peke yake.

Kwa msioijua kazi yetu, leseni haihuishwi bila pointi za mafunzo endelevu. Zamani tulikuwa tunakutana ukumbini, tunasikiliza, tunakula pilau, tunasaini, tunarudi makwetu. Siku hizi masomo mengi yako kwenye simu. Unasoma kurasa zako, unajibu maswali, cheti kinashuka. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha mafunzo cha Karagwe na Kyerwa. Ndiye mwenye faili, na ndiye ninayewakumbusha watu kwenye kundi mpaka wananichoka.

Mwaka jana, muda wa leseni ulipokaribia, Kemilembe alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji. Bosi wake alimrudisha kaunta mshono ukiwa bado unavuta. Alipungukiwa masomo saba. Akanipigia: "Mwenzangu, nisaidie. Mimi hata ujumbe mmoja simalizi kuusoma, mtoto analia. Leseni ikilala na mimi nimelala." Akanitumia neno lake la siri.

Nikayajibu yote saba Jumapili moja baada ya ibada, nimekaa kibarazani na chai yangu.

Humu ndani nimewahi kujiita mtu wa huruma. Leo niache uongo. Huruma ilikuwepo, lakini iliyonikalisha pale kibarazani saa nne nzima ni tamaa ya maksi. Napenda maksi tangu shule ya msingi. Masomo yale nilikuwa nimeshayafanya kwa jina langu nikapata tisini na kitu, nikataka kuona kama naweza kupata mia. Nikapata. Nikampigia Kemilembe kumringishia: "Shukuru una rafiki mwenye akili." Tukacheka sana. Kesho yake akanitumia mkungu wa ndizi kwa bodaboda, ndizi nzuri kabisa, tukala siku nne.

Hakuna hata neno moja la masomo yale nililomweleza. Naye hakuuliza. Pointi zilikuwa zimepatikana.

Sasa nimfikie Ma Justina. Alikuwa mama wa makamo kutoka kijiji kimoja nyuma ya Nkwenda, mkulima, mwenye ugonjwa wa viungo ulioanza kumkunja vidole. Daktari bingwa huko Mwanza akamwandikia methotrexate, vidonge vinne, mara moja kwa wiki. Narudia kwa ajili ya msio wa kazi hii: kwa wiki. Dawa ile ukiimeza mara moja kwa wiki inakurudishia vidole vyako. Ukiimeza kila siku ni sumu. Inachubua kinywa na utumbo, inaukausha uboho unaotengeneza damu.

Na bahasha zetu za dawa mnazijua, zile ndogo za kaki. Zimeshachapwa: "Meza vidonge ..., mara ... kwa siku." Sisi kazi yetu ni kujaza namba. Mkono ukishazoea unajaza wenyewe huku masikio yako kwa mteja wa tatu kwenye foleni. Wiki haina nafasi kwenye bahasha ile.

Siku ya gulio, Ta Petro, mume wa Ma Justina, alifika dukani kuchukua dawa. Kemilembe alikuwa amemwagizia Bukoba, boksi zima la vidonge mia, maana mzee hakutaka kufunga safari nyingine mpaka kahawa ivunwe. Cheti cha daktari kilikuwepo na kimeandikwa vizuri. Kemilembe alikisoma, akavihamishia vidonge kwenye bahasha, akajaza nne, akajaza moja. Yale maneno mengine yalikuwa yameshachapwa kiwandani.

Dawa ile alikuwa hajawahi kuitoa maishani mwake. Hakukuwa na kitu cha kumshtua.

Kilikuwepo, kwa kweli. Kilikuwa kwenye somo la dawa za hatari. Swali lenyewe linauliza hivi hivi: mgonjwa ameandikiwa dawa hii, bahasha yake utaiandikaje? Nililijibu bila hata kuweka kikombe chini.

Wiki tatu zikapita. Nilikuwa dirishani kwangu hospitalini, Ta Petro akapitisha bahasha chini ya kioo, daktari amemtuma aulize mkewe anatumia dawa gani. Nikaujua mwandiko kabla sijasoma. Ile nne ya Kemilembe ina mkia mrefu tangu chuoni.

"Shikamoo, Ta Petro. Hizi anameza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku asubuhi, waitu. Hajaruka hata moja. Mimi mwenyewe ndiye ninayemhesabia."

Alisema kwa fahari. Kila siku tunawahubiria wagonjwa wasiruke dawa, na huyu alikuwa ametusikia.

Nilikimbia wodini. Ma Justina alikuwa na vidonda mpaka kooni, hata uji hapitishi, fizi zinatoa damu. Walimpeleka Bukoba jioni ile ile. Akaishi siku tano. Amezikwa kwenye migomba yao, hatua chache kutoka mlangoni.

Msibani nilienda. Nilikaa na wanawake nikamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Ta Petro alisimama kuwashukuru waliomsaidia, akanitaja mimi, kwamba nilikimbia siku ile kama anayemkimbilia mama yake. Watu wakageuka kunitazama. Niliinamia kisu changu. Natamani angenipiga.

Leo asubuhi kamati ya nidhamu ya taaluma yetu ilikaa Kayanga kumsikiliza Kemilembe. Nami niliitwa, si kwa ubaya, niliitwa kama katibu nilete kumbukumbu zake za mafunzo. Nilipanda bodaboda nimelikumbatia faili. Nicheke nisicheke, mpaka leo asubuhi nilikuwa nadhani vyeti vile vitamsaidia. Nilidhani wataona mtu mwenye bidii, watamhurumia. Na nilikuwa nimejiapiza kwamba wakimkaba sana nitasimama niseme.

Mwenyekiti ni mama mfamasia, mpole, wa miwani. Alivifungua vyeti kimoja kimoja. Alipofika kwenye cha dawa za hatari akakirudia kukisoma. Akaomba majibu yenyewe, nikampa, maana mimi huchapisha kila kitu. Ndiyo sifa yangu.

"Asilimia mia moja," akasema. "Hata swali la bahasha amelipata." Akavua miwani. "Angekuwa hajafundishwa, tungemrudisha darasani, yangeisha. Lakini huyu alijua."

Alijua.

Hapo ndipo niliona nilichokifanya. Asiyejua hufundishwa. Anayejua akakosea amezembea, na mzembe aliyeua hanyang'anywi leseni tu, jalada lake linaweza kwenda mbali zaidi. Wema wangu wa Jumapili ile ndio ushahidi mzito kuliko wote uliokuwa mezani, na niliubeba mwenyewe kwa mikono yangu, umepangwa vizuri, umetobolewa matundu mawili.

Mjumbe mmoja, kijana mwenye macho ya kuchunguza, akauliza: "Masomo haya uliyafanya mwenyewe?"

Kemilembe alikuwa amesimama na kitambaa cha mtoto bado kiko begani, amesahau kukitoa. Hakunitazama. Kama angenitazama labda ningesimama. Nasema labda.

"Niliyafanya mwenyewe," akasema. "Siku ile nilisahau tu."

Na mimi nikashusha pumzi.

Hiki ndicho nilichokuja kukiandika, hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapa. Kabla sijamhurumia rafiki yangu, kabla sijamkumbuka Ma Justina, kitu cha kwanza kilichoingia kifuani mwangu kilikuwa nafuu. Nilisikia mabega yakilegea. Nilikuwa nimekaa pale na roho yangu imeokoka, na mtu mwingine ndiye aliyeilipia, na nilifurahi. Sekunde mbili au tatu, lakini nilifurahi.

Walitutoa nje wakajadiliane. Tukakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Nilitaka anitukane. Nilijiandaa kabisa, nikawa nachagua hata maneno ambayo angetumia. Akakiona kile kitambaa begani, akakikunja, akakiweka mkobani. Halafu akasema:

"Lile swali la bahasha. Ulijibu nini?"

Nilidhani ananisuta. Nikamtazama, hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza.

Nikamweleza. Unafuta maneno "kwa siku", unayafuta kabisa yasisomeke. Unaandika kwa herufi kubwa jina la siku anayoichagua mgonjwa mwenyewe, tuseme JUMAPILI. Unampa za mwezi mmoja tu, humpi boksi, hata akikulilia kwamba anatoka mbali. Mwisho unamwambia akurudishie kwa mdomo wake atamezaje, na asipokurudishia sawasawa, haondoki.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, akihesabu kwa vidole, vile vile alivyokuwa akisikiliza darasani chuoni. Akaniuliza, na asiyejua kusoma? Nikamwambia huyo unamwita aliyemsindikiza, mnaifunga dawa na siku anayoikumbuka, ya ibada au ya gulio. Akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe," akasema.

Ilichukua dakika mbili. Pengine hazikufika.

Kemilembe si mjinga. Nataka hilo lisomeke hapa hata kama halitasomeka popote pengine. Angeambiwa mara moja tu, angelishika mpaka kufa. Ningeweza kumwambia kwenye simu ile ile niliyompigia kujisifu, tena ningebakiza na muda wa kucheka. Ta Petro angekuwa anamhesabia mkewe Jumapili hadi Jumapili.

Mwenyekiti alitoka akatuambia uamuzi ni Ijumaa, na mwenye maelezo ya ziada ayalete kwa maandishi kabla ya kesho jioni. Alisema hivyo akitazama watu wote, lakini mimi nilihisi ananitazama mimi. Mwenye hatia huhisi hivyo.

Tukatembea na Kemilembe mpaka penye bodaboda. Akaniambia, "Usijiharibie. Mimi nimeshaanguka. Ukianguka na wewe, Ma Justina atafufuka?" Akanishika mkono, akapanda, akaondoka kurudi Nkwenda. Njia nzima ya kurudi kazini nilikuwa nimeishika sentensi hiyo kama mtu aliyepewa ruhusa ya likizo. Nikaigeuza huku na huku. Ina mantiki. Ukiisikiliza haraka inafanana hata na hekima.

Halafu nikafika dirishani, nikachukua bahasha ya kwanza, mkono ukakataa kuandika. Ndipo nikasema kichwa kinaniuma.

Nimekuwa nikilipekua faili la kikundi tangu nifike nyumbani. Karatasi zimejaa, mihuri imenyooka, kila mtu ana pointi zake. Nikizisoma saa zilizochapwa kwenye vyeti, naona watu watatu waliomaliza somo moja dakika ile ile, mmoja Kayanga, wawili Kyerwa. Nilikuwa naliona hili siku zote. Nilikuwa najiambia ni mtandao. Sasa nakaa najiuliza ni bahasha ngapi zilizojazwa leo, na nani anazihesabu asubuhi asiruke hata moja. Sina nguvu hata ya kufunga faili.

Nikiandika maelezo, leseni yangu inakwenda. Mimi ndiye ninayewalipia wadogo zangu wawili ada, baba ndiye anayejisifu kwa majirani kwamba mwanawe anakaa dirisha la dawa. Yeye Kemilembe huenda akarudishwa darasani, huenda wakatufukuza wote wawili kwa udanganyifu. Sina uhakika. Hakuna anayenihakikishia kwamba ukweli utamwokoa. Ningehakikishiwa, ningekuwa mtu mwema haraka sana.

Karatasi iko hapa mezani. Nimeandika tarehe ya leo na "Yah: Maelezo ya ziada", nikapigia mstari kwa rula. Saa nzima imepita. Nimeandika humu maneno mengi, kule mstari mmoja.

Kesho jioni ndio mwisho. Jibu sahihi nalijua.

Siku zote huwa nalijua.