Kilichokuwa Ndani ya Maandazi ya Nancy

Akheri, Meru,
Arusha.
22 Juni 2025.

Mdogo wangu mpendwa Hanna,

Hamjambo huko Sumbawanga? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi hatujambo, ila baridi imetubana. Leo siku ya nne mlima haujaonekana. Migomba imebeba vizuri, na kahawa imeanza kuwa nyekundu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini niliondoka kwa mwanangu Nelson kabla ya siku nilizopanga kuisha. Nilikujibu juu juu kwa sababu watu walikuwa karibu. Sasa nakuambia, na usinicheke.

Unakumbuka Derick, mjukuu wangu wa miaka saba, alivyokuwa adui wa mboga. Hata kipande cha hoho alikitema. Januari daktari aliwaambia damu yake ni pungufu. Basi nilipofika kwao Kimandolu baada ya Pasaka, nikamkuta anakula maandazi manne mfululizo na kuomba la tano! Nikajiuliza, mtoto huyu amefanywa nini?

Nikaanza kuchunguza. Mkwe wangu Nancy alikuwa akipika mlango wa jikoni umefungwa. Nikitaka kusaidia, ananiambia, "Pumzika tu, Mama." Maandazi yana rangi ya machungwa, chapati zina madoa ya kijani. Siku moja nikapitia uani, nikamwona dirishani akichota unga wa kijani kwenye kopo lisilo na maandishi, anauchanganya kwenye ngano, kisha analificha kopo nyuma ya mtungi wa gesi.

Hanna, nilikosa amani. Nimesikia kuna dawa za kuwapa watoto hamu ya kula, zinauzwa mjini bila cheti cha daktari, zinawavimbisha mashavu. Nikaanza kuyatazama mashavu ya Derick kila asubuhi. Nikafunga andazi moja kwenye kona ya khanga, nikampelekea nesi mmoja ninayesali naye. Akalinusa, akasema ni boga. Sikumwamini hata yeye.

Jumamosi, tukiwa mezani wote, nikashindwa kuvumilia. "Nancy, unamwekea nini mtoto huyu?"

Nelson akaweka kikombe chini. Nancy akaenda jikoni, akarudi na lile kopo, akalifungua mbele yangu. "Ni mchicha, Mama. Nimeuanika nikausaga. Kwenye maandazi naponda boga na karoti. Ungeniuliza jikoni ningekuambia."

Derick akatemea chapati kiganjani. "Mama, kumbe ulikuwa unanidanganya?"

Tangu hapo hakula kitu cha mama yake bila kukipasua. Hata mkate wa dukani aliuchambua akitafuta majani. Kila sahani ikarudi imejaa. Nelson hakusema nami siku mbili. Nancy hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikafungasha nguo zangu.

Nyumbani sikupata raha. Wiki iliyofuata nikampigia Nancy, nikamwomba msamaha, nikamwomba pia aniletee Derick wikiendi. Akakubali.

Derick alifika na mashaka yake. Nikampeleka shambani, akachagua boga mwenyewe, akang'oa karoti, akachuma mchicha. Nikamwambia, "Bibi hataweka kitu humu usichokiona." Akakwaruza karoti mpaka akajikwaruza kidole. Akakanda unga, akachoma maandazi yaliyopinda kama viatu vya zamani. La kwanza akalinusa, akalipasua, akalila polepole, akiniangalia usoni. La pili hakulipasua.

Aliyobaki akampelekea mama yake. Akamwambia, "Haya yana mboga. Nimeziweka mimi. Kula." Nancy akala, na tangu siku hiyo wanapika pamoja.

Jumatano iliyopita walimpima tena. Damu imepanda, si sana, lakini imepanda. Nancy alinipigia simu akiwa bado hapo kwa daktari, kabla hata hajamwambia Nelson. "Mama, nimeona wewe ujue kwanza." Hanna, nilikaa chini katikati ya migomba nikalia.

Nisalimie shemeji, mwanao Lydia na mtoto wake mchanga. Jirani yangu Elisaria na mkewe wanawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mwema na meza yenye amani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda sana,
Elieshi